Titus Simba Yupo Katikati ya Ukoo wa Ngumi
KUTOKA MWIKA
Na Elisante Mlay

Siku ya soko Mwika, mchana, wakati akina mama wa mikungu ya mshare wameshauza nusu na magari ya Rombo yanapakia, ubishi uliwaka kwenye kijiwe cha bodaboda. Kijana mmoja alikuwa amemaliza kutazama kwenye simu pambano la marudiano la Dmitry Bivol na Artur Beterbiev, lile la Riyadh la Februari 22, 2025. Akatangaza kwamba hajapata kutokea bingwa wa laiti hevi kama Bivol. Mzee aliyekuwa akisubiri usafiri hakulimeza hilo.

"Mjukuu wangu, Bob Foster ulimwona?"

"Meku, huyo Foster angekutana na Beterbiev asingemaliza raundi tatu," kijana akajibu kwa adabu.

Kijiwe kikagawanyika, na gari la mzee likaondoka bila yeye.

Laiti hevi ni uzito wa mabondia wasiozidi kilo 79.4, walio chini ya wale majitu wa uzito wa juu. Muhammad Ali alichukua dhahabu ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 katika uzito huu upande wa ridhaa, akiwa bado anaitwa Cassius Clay, kisha akapanda juu. Wengi waliobaki wakawa mabingwa hawakupata fedha wala sifa za majirani zao wa juu. Ndiyo maana hata wapenzi wa ngumi huwajua kwa majina mawili matatu tu, kila mtu na yale ya ujana wake.

Aliyekulia Mwika anaufahamu ugonjwa huo wa macho. Kutoka upande huu wa Mlima Kilimanjaro, kilele cha Mawenzi kiko karibu kuliko cha Kibo. Mtoto akiinua uso asubuhi mawingu yakiwa yamefunguka, Mawenzi ndiyo inayoujaza, na anaweza kuapa kwamba ndiyo ndefu. Vipimo vinasema Kibo ni mita 5,895 na Mawenzi ni 5,149. Bivol ni Mawenzi ya kijana wa bodaboda, na Foster ni Mawenzi ya mzee.

Tena vipimo vyenyewe vya ngumi vimebadilika. Archie Moore, bingwa wa zamani wa uzito huu, alipigana zaidi ya mara 200 na kuangusha zaidi ya watu 130 kwa nokauti. Bivol alipomshinda Beterbiev alikuwa amepanda ulingoni kama bondia wa kulipwa mara 25 tu. Moore alipimwa uzito siku ile ile ya pambano, akatetea mkanda kwa raundi 15. Leo bondia hupimwa jana yake, akanywa maji na kula usiku kucha, akapanda akiwa mzito kuliko karatasi inavyosema, na kengele ya mwisho hulia raundi ya 12. Kwa upande mwingine, Moore hakukutana na mabondia wa Urusi na nchi jirani zake, waliopitia mafunzo marefu ya ngumi za ridhaa na ambao leo ndio wanaoutawala uzito huu. Ukiweka rekodi mbili hizo kwenye mzani mmoja, unapima mahindi kwa lita na kahawa kwa kilo.

Njia iliyo ya haki zaidi, kwa maoni ya safu hii, ni ile inayotumiwa vihambani mtu akitaka kujua mgeni ni nani: kuuliza ukoo. Nani alipigana na nani, na huyo naye alipigana na nani. Ngumi haisimuliwi tu, hupokelewa usoni, na aliyeipokea huipeleka kwa mwingine. Kwa hesabu hiyo mkanda unapungua thamani na wapinzani wanapanda.

Mfano mkubwa ni Ezzard Charles. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wa laiti hevi hata siku moja, kwa sababu hakupewa nafasi ya kuugombea. Lakini alimpiga Archie Moore mara tatu, mwaka 1946, 1947 na 1948, ya mwisho kwa nokauti raundi ya nane. Mwaka 1949 akaenda kuchukua ubingwa wa uzito wa juu. Moore alisubiri hadi Desemba 1952 kuupata mkanda, akakaa nao karibu miaka kumi. Desemba 1958 kule Montreal, Yvon Durelle alimlambisha sakafu mara tatu katika raundi ya kwanza peke yake, na mzee akasimama, akamaliza kazi raundi ya 11. Ikiwa bingwa huyo alishindwa na Charles mara zote tatu, orodha ya ubora isiyoanza na Charles imeandikwa na mtu aliyesoma mikanda badala ya mapambano.

Afrika iliingia katika ukoo huu mapema. Battling Siki wa Senegal alimwangusha Georges Carpentier mjini Paris, Septemba 24, 1922, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, tena katika uzito huu huu. Miezi sita baadaye akaupoteza mkanda Dublin, na kabla 1925 haijaisha alikuwa ameuawa New York. Ni sifa kubwa, lakini ni ya usiku mmoja.

Dick Tiger wa Nigeria ni habari nyingine. Alikuwa mtu wa uzito wa kati, mfupi kwa wenzake, na ubingwa wa uzito wa kati aliuchukua mara mbili. Agosti 1963 alimleta Gene Fullmer hadi Ibadan, akamshinda mbele ya watu wake. Desemba 16, 1966, akiwa na miaka 37, alipanda uzito na kumnyang'anya José Torres mkanda wa laiti hevi. Kisha vita vikawaka kwao. Tiger alikuwa Mwigbo, akasimama wazi wazi na Biafra iliyojitenga na Nigeria, akatoa mali yake na jina lake.

Watanzania wana sababu ya kulikumbuka jina hilo. Aprili 13, 1968, Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Siku 41 baadaye, Mei 24, Tiger alipanda ulingo wa Madison Square Garden kumkabili Bob Foster, mtu wa kimo cha sentimita 190 hivi, aliyemzidi karibu kichwa kizima. Raundi ya nne ngumi ya kushoto ya Foster ikamlaza, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuhesabiwa hadi kumi. Vita viliyala yale aliyochuma. Aliyekuwa bingwa wa dunia alifanya kazi ya ulinzi katika jumba la makumbusho New York, akarudi kwao akiwa mgonjwa wa saratani ya ini, akafariki Desemba 1971. Mzee wa kijiweni ana haki ya kumsifu Foster, kwa sababu aliutetea mkanda huo mara 14 na mkono wake ulikuwa wa kutisha. Lakini aliyemkuta usiku ule alikuwa mtu wa miaka 38, mwili wa uzito wa kati, na kichwani ana nchi inayokufa kwa njaa. Safu hii haiwezi kuuhesabu ushindi huo kana kwamba wawili hao walikuwa sawa.

Sasa tumfikie Titus Simba, jina ambalo kijiwe kizima hakikulitaja.

Julai 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, miaka minne kabla ya mkimbiaji Filbert Bayi kuishtua dunia kule Christchurch, Mtanzania huyu alifika fainali ya uzito wa kati. Kona ya pili alikuwapo kijana wa Liverpool wa miaka 19, baba yake mtu wa Sierra Leone, jina lake John Conteh. Conteh akachukua dhahabu, Simba akarudi na medali ya fedha. Oktoba 1, 1974, Conteh yule yule alimshinda Jorge Ahumada wa Argentina pale Wembley na kuwa bingwa wa dunia wa laiti hevi.

Fuata ukoo kutoka hapo kwenda juu. Ahumada, miezi michache kabla, alikuwa ametoka sare na Foster. Foster alimpiga Tiger. Tiger alimpiga Torres, Torres alimpiga Willie Pastrano, Pastrano alimpiga Harold Johnson, Johnson alipambana na Moore mara tano, na Moore alionja mikono ya Charles. Rudi kwa Simba, ushuke upande wa pili. Conteh alipigwa na Matthew Saad Muhammad mwaka 1979. Saad alimpiga Marvin Johnson, Johnson alipigwa na Leslie Stewart wa Trinidad, Stewart na Virgil Hill, Hill na Roy Jones. Jones alipigana na Bernard Hopkins, Hopkins na Sergey Kovalev, Kovalev na Canelo Álvarez, na Canelo akapigwa na Bivol Mei 2022. Toka Charles hadi Bivol hakuna mkono ulioachia, na Conteh aliyesimama pale katikati alikuwa ameshapambana na Mtanzania.

Majirani nao wamo. Lottie Mwale wa Zambia alikwenda San Diego Novemba 1980 kumkabili huyo huyo Saad, akaangushwa raundi ya nne. Mustafa Wasajja wa Uganda alimfuata Michael Spinks hadi Atlantic City Februari 1982, akasimamishwa raundi ya sita. Spinks ndiye aliyekuja kumshinda Larry Holmes mwaka 1985, akawa bingwa wa kwanza wa laiti hevi kwenda kuchukua mkanda wa uzito wa juu akiwa bado anashikilia wake. Waliowasimamisha Wasajja na Mwale walikuwa kilele cha zama zao.

Kwa hiyo mpangilio wa safu hii ni Charles kwanza, Moore wa pili, Spinks wa tatu, Foster wa nne. Tiger anafuata hatua moja nyuma ya Foster, na kama angezaliwa na kilo tano zaidi angemtangulia. Bivol bado anapigana, asubiri.

Siku ya soko iliyofuata mzee alirudi, na kijana alikuwa palepale na simu yake. Safari hii alikuwa ameandika herufi moja moja jina ambalo mtu alikuwa amempa, T-i-t-u-s, akitafuta picha yoyote ya fainali ya Edinburgh. Alikuta picha nyingi za Conteh. Mzee akavuta kigoda, akaketi, akaanza kumweleza siku zile habari za ngumi zilivyokuwa zikifika Mwika kwa redio.