Watalii Wanaongezeka Zanzibar: Nani Anashiba?

Kijana wa Kinyangiri anayemaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea na masomo husikia majina matatu: machimboni, Dar es Salaam na Zanzibar. Hilo la tatu linazidi kuvuma. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mambo ya visiwani yanatuhusu hata sisi tunaolima alizeti na vitunguu huku Mkalama.

Zanzibar iliishi kwa karafuu. Bei yake ilipoporomoka katika miaka ya 1980, Serikali ilifungua milango kwa wawekezaji wa utalii. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2023 visiwa vilipokea wageni zaidi ya 638,000, na mwaka 2024 zaidi ya 736,000, wakati sensa ya 2022 ilihesabu wakazi wapatao milioni 1.9 tu. Wapo wanaokuja kupumzika ufukweni, na wapo wanaokuja kwa biashara na mikutano.

Ni neema, na tusiibeze. Mshahara wa mpishi au dereva mmoja unaweza kusomesha wadogo zake watatu kijijini. Lakini idadi ya wageni haitoshi kupima neema hiyo. Mkulima hahesabu magunia yaliyopita barabarani; huhesabu yaliyoingia ghalani mwake.

Mtalii wengi hulipia safari, chumba na chakula akiwa bado kwao, kwa wakala wa huko. Sehemu ya fedha hiyo haifiki Tanzania kabisa. Inayofika nayo hutoka tena pale hoteli inapoagiza vyakula kutoka nje ya nchi. Wakati huohuo, wanawake wa Paje na Jambiani wanaolima mwani wanagombea ufukwe uleule na wageni, na visima vya vijiji vinagawana maji na mabwawa ya kuogelea. Sisi wa Singida, tunaojua ndoo ya maji inavyotafutwa wakati wa kiangazi, hatuhitaji kuelezwa uchungu wa jambo hilo.

Papa Leo XIII, katika waraka wake *Rerum Novarum* wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mkataba peke yake haufanyi ujira kuwa wa haki. Ujira lazima umtoshe mfanyakazi kuishi kama binadamu. Mafundisho hayo yanamhusu pia kijana anayetandika vitanda hotelini, anayeajiriwa msimu wa wageni na kuachishwa mvua za masika zinapoanza.

Tufanye nini basi? Kwanza, wazazi wasimwachie mtoto aondoke kwa ahadi ya simu tu. Waulize: mwajiri ni nani, mkataba umeandikwa, atalala wapi, mchango wake wa hifadhi ya jamii utalipwa? Pili, anayetaka kwenda aende na ufundi: upishi, umeme, lugha za kigeni. Asiye na ujuzi ndiye hupunjwa kwanza. Tatu, parokia za hapa na za visiwani ziwasiliane, ili kijana akifika ugenini awe na mahali pa kusali na mtu wa kumkimbilia.

Nne, na hili ni la viongozi wetu: mafuta ya alizeti, asali, vitunguu na kuku wa kienyeji wa Singida vina nafasi katika jiko la hoteli. Mkulima mmoja mwenye debe mbili hawezi kupata zabuni hiyo. Ushirika wenye mizani ya uhakika, vifungashio safi na uwezo wa kupeleka mzigo kila wiki unaweza.

Hapo ndipo ongezeko la wageni Unguja litaonekana pia Kinyangiri, na kijana atakayekwenda visiwani atakwenda kwa kuchagua, si kwa kukimbia njaa.