Mguu wa kuku: mfupi, au mfupi zaidi?

Wadau, nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi. Kazi ni kazi, na mhariri wangu hajui habari za blogu. Leo nimerudi na hasira kidogo, mnivumilie.

Jumamosi nilikuwa Kirumba, sehemu moja wanachoma sato vizuri sana (jina silitaji, wasije wakadhani natafuta wa bure). Mezani tulikuwa wanne. Mmoja ananunua mabondo pale Mwaloni, wa pili anafuata dhahabu Geita, wa tatu yupo yupo tu, kama mimi. Hata ugali haujafika, mjadala umeshawaka: bastola. Wala siyo suala la mtu kuwa nayo au kutokuwa nayo, hapo walishapita zamani. Walikuwa wanabishana ipi inajificha vizuri chini ya shati, Glock 19 au mdogo wake, Glock 26. Ungewasikia ungedhani wanachagua simu.

Yule wa mabondo akanigeukia: "Mwanawane, wewe mwandishi unasoma soma mambo. Nichukue ipi?"

Pale nilicheka tu, samaki alikuwa ameshafika. Jibu lenyewe ni hili.

Kwanza tuongee vyuma, asije mtu akasema naogopa kitu nisichokijua. Zote mbili zimetoka kiwanda kimoja cha Austria na zinatumia risasi zilezile za milimita 9. Ile 19 ina magazini ya risasi 15 na mtutu wa milimita 102. Ile 26 ina risasi 10 na mtutu wa milimita 87. Zikiwa tupu, ya kwanza ina uzito wa kama gramu 600, ya pili kama 550. Yaani tofauti ya uzito ni yai moja la kuku! Tofauti ya mtutu ni sentimita moja na nusu. Kwa sababu ya sentimita moja na nusu watu wazima wameacha ugali ukapoa.

Mambo yenyewe yako kwenye mpini. Ukizisimamisha, ndogo imepungua kama sentimita mbili kwa kimo, na sentimita hizo mbili ndizo nyumba ya kidole cha mwisho. Hebu shika panga, kidole kidogo kiache nje, halafu kata kuni. Ndiyo hivyo hivyo. Ndogo inapiga teke zaidi mkononi, na alama mbili za kulengea zimekaribiana, kwa hiyo mkono ukitetereka kidogo tu hapa, kule mbele risasi imeshakwenda kwa jirani. Mtu yeyote anayefundisha shabaha atakwambia bastola ndogo ni ya mtu aliyekwisha kuijua kubwa. Sasa nilipomuuliza yule wa dhahabu, ambaye tayari anayo 19 na kibali chake, mara ya mwisho alifyatua lini, alifikiri kidogo, akasema: "Siku ile ya mafunzo." Ni miaka mitatu hiyo.

Lakini sikilizeni malalamiko yake, maana ndiyo yaliyonifanya niandike. Anasema ile 19 inamsumbua. Akiendesha gari inamchoma kiunoni. Joto hili la Mwanza, shati jepesi, ikichora kidogo tu kila mtu Makoroboi anaiona. Kwa hiyo siku nyingi anaifungia kwenye kasha nyumbani, na sasa anataka ile ndogo, aweze kutembea nayo kila mahali bila kuisikia.

Ndugu zangu, usumbufu huo ndio uzuri pekee ninaouona kwenye bastola yake! Chuma kinachokusumbua kinakulazimisha uamue kila asubuhi: leo kuna safari ya kukihitaji, au hakuna? Ukishapata kisichosumbua, swali hilo limekufa. Kitakwenda na wewe harusini, msibani, baa, uwanjani CCM Kirumba Simba wakija, na usiku wa manane kitaingia na wewe chumbani ukiwa umelewa na umegombana na mwenzio.

Chumbani, ndiyo. Mei 2022, hapa hapa kwetu, Buswelu, mwanamke kijana aliuawa kwa bastola na mumewe, ndani ya nyumba yao. Mwili wa mume ukaja kuopolewa ziwani. Mji mzima ulizungumza wiki nzima, tukasema mapenzi, tukasema wivu, tukasema simu zimeharibu ndoa. Sikumbuki mtu aliyesema: na kile chuma kilikuwa kinafanya nini kitandani?

Au mmesahau Machi 2017, Dar es Salaam? Nape Nnauye ametenguliwa uwaziri wa habari siku hiyohiyo, anakuja kuongea na waandishi, mara mtu aliyevaa kiraia anamtolea bastola mbele ya kamera zote zile. Sisi wa kalamu picha ile haitutoki. Hakuna risasi iliyopigwa, na bado kila aliyekuwepo anajua kilichopita pale. Mtu yule hakuwa ametekwa na majambazi. Kitu kilikuwa kiunoni, hasira ilikuwa kichwani, na kutoka kiunoni hadi mkononi ni nusu sekunde.

Najua mtaniambia nini. "Wewe huna cha kuibiwa, laptop yenyewe ya mkopo." Kweli kabisa. Na mtu aliyewahi kusimamishwa na majambazi usiku kwenye barabara ya Geita siwezi kumwambia hofu yake ni ya kujitungia. Mji huu tuliona Oktoba 2012 Kamanda wa Polisi wa Mkoa mwenyewe, Liberatus Barlow, akiuawa kwa risasi usiku pale Kitangiri. Kama bosi wa polisi mkoa mzima anaweza kupigwa risasi mtaani, mfanyabiashara aogope, ana haki. Ila niambieni: usiku kama ule, watu wameshakuzunguka, wameshakushtukiza, tofauti ya risasi 10 na 15 inakusaidia nini? Anayekuvizia ndiye anayechagua saa na mahali. Wewe unachagua shati tu.

Halafu kuna jambo ambalo halikutajwa pale mezani hata mara moja: kwa nini mtu anatembea na mamilioni kwenye mfuko wa rambo mwaka huu? M-Pesa iliingia nchini 2008. Masoko ya madini yalianza 2019, la kwanza kabisa likiwa Geita, hapo pua na mdomo. Benki zipo mpaka wilayani. Nilipomuuliza wa mabondo kwa nini analipa taslimu, alijikuna kichwa. Wavuvi wanataka noti, alisema, na yeye mwenyewe hapendi kila shilingi ionekane. Sawa, nimekuelewa kaka. Lakini basi tuseme ukweli: unataka kununua bastola ili ulinde siri yako na TRA.

Na wavuvi wenyewe je? Wale ndio wanaovamiwa usiku katikati ya ziwa, wanaporwa injini na nyavu, na mwenye mtumbwi anarudi kwa kasia kama ana bahati. Hao hawakuwa kwenye meza yetu na Glock hawaijui hata kwa picha. Usalama wa ziwa hili ni boti za doria na mafuta ya kuziendesha, mambo ambayo kelele zetu zingeweza kuyasukuma. Sisi tunapiga kelele kuhusu mpini.

Hapa nicheke kidogo. Mnakumbuka ile filamu ya Hubert Sauper ya 2004, Darwin's Nightmare, iliyosema ndege zinazokuja Mwanza kuchukua minofu ya sangara huenda zinabeba silaha? Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikosoa hadharani, watu wakaandamana, na kila mtu wa Mwanza aliyekuwa na mdomo aliapa kwamba sisi tunajua samaki tu, bunduki hatuzijui. Leo nimekaa Kirumba, sato mezani, na watoto wa mji huohuo wananifundisha idadi ya risasi za magazini.

Sheria ipo. Ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ilifuta ya 1991, inataka uwe umefika miaka 25, uwe na akili timamu na mafunzo. Ombi linapita serikali ya mtaa na kamati za usalama. Mlolongo mrefu, watu wanaulalamikia, mimi nauunga mkono na ningeongeza: kila mwaka unapohuisha kibali, upelekwe uwanjani ukapige shabaha mbele ya mkaguzi. Ukikosa, chuma kinabaki kituoni. Wangapi pale mezani wangerudi nacho nyumbani?

Kwa hiyo kaka wa mabondo, kama umeshaamua na hukubali kusikia lolote, chukua ile kubwa. Ikuchome kiunoni. Ununue ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, maana Glock haina kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa kidole, na mfukoni pamoja na funguo za gari siyo mahali pake. Ununue kasha la kulitia nondo ukutani. Na siku ya bia iache humo.

Nilimtumia haya yote kwa WhatsApp Jumapili. Alijibu kwa vidole gumba viwili na neno "umenena". Jana nilimkuta Mwaloni anapakia magunia, fomu ya maombi iko kwenye dashibodi ya gari, imekunjwa, imeshaanza kupauka kwa jua. Nikaitazama. Akaniona naitazama.

"Mpiga picha wa paspoti alikuwa amefunga," akasema.