Maji ya Mto Ngerengere: Neno kwa Wakulima wa Kingolwira

Msomaji, pengine umesimama kando ya mto Ngerengere wakati wa masika, ukaona maji mekundu yamejaa hata ukingoni, ukasema, "Mwaka huu mto una maji mengi." Sisi twaona kwamba hukupima vema. Mto haupimwi mwezi wa Aprili. Hupimwa Septemba na Oktoba, kabla ya vuli, mvua ikiwa imekatika siku nyingi.

Jiulize, maji ya kiangazi hutoka wapi? Hutoka katika udongo wa milima ya Uluguru. Mvua ikianguka msituni, majani huipunguza nguvu, na udongo mwepesi huinywa kidogo kidogo. Kisha maji hutoka katika chemchemi miezi mingi baadaye. Lakini mvua ikianguka juu ya mteremko uliofyekwa na kuchomwa moto, haipati nafasi ya kuingia ardhini. Hukimbilia mtoni mara moja, pamoja na udongo wenye rutuba. Basi maji yale mekundu si utajiri, bali ni akiba ya kiangazi inayopotea.

Tena, mito ya Mlali na Mzinga huuteremsha udongo huo katika bwawa la Mindu, linalonywesha mji wa Morogoro, na tope likituama humo nafasi ya maji hupungua. Chini ya bwawa mto hupita Kingolwira, kisha huingia Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi ziwezazo kudhuru mto ndani ya meta 60 kutoka ukingoni. Ni sheria njema, lakini amri peke yake haitoshi. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na watu waliona taabu kabla ya kuona faida. Mwaka 1955 kukazuka machafuko huko Matombo, na mpango ukaachwa.

Kwa hiyo, mtu wa bondeni asimlaumu mtu wa mlimani na kumwachia mzigo wote. Mwenye shamba dogo akiacha kulima kando ya kijito, hasara ni yake, na maji ni yetu. Haki ni kumsaidia: kwa miche ya miti, kwa nguvu za mikono, na kwa sehemu ya fedha zinazolipwa kwa maji.

Nawe wa Kingolwira, anza kwako. Usilime mboga hata ukingoni, usikate matete, usichome majani, na shamba la mteremko lilime kwa kukingama. Kisha mwezi wa Oktoba enda mtoni ukatazame. Hapo ndipo utakapojua kama tumeutunza mto au tumeuharibu.