Ukurasa wa Jamaa: Safari ya Paris wakati wa joto



Katika miji yetu mutu akipata viza ya kwenda Ulaya, kila mumoja anamupa shauri lile lile: "Beba koti, baridi ya kule ni kali." Basi mama anayekwenda kusaidia mutoto wake aliyezaa, baba anayekwenda kutafuta matunzo, kijana anayekwenda kusoma, wote wanajaza valizi na majaketi, soksi nzito na shali. Si vibaya. Lakini mwezi wa saba na wa nane majaketi yale yanabaki katika valizi, na mugeni anapambana na kitu ambacho hakuna mutu alimuambia.

Mama mumoja, musomaji wetu, ametuandikia kuuliza juu ya jambo hili. Anatazamia kwenda Paris miezi mitatu kwa mutoto wake mwanamuke, ku etaji ya sita. Amesikia kwamba joto linauwa watu kule, na jirani zake wanamucheka: "Wewe mutu wa Afrika, utaogopa jua la Wazungu?" Anauliza kama ni kweli.

Mama, ni kweli. Na jirani zako wasicheke.

Katika mwezi wa nane wa mwaka 2003, joto lilishika inchi ya Ufaransa karibu wiki mbili bila kupumua. Mu Paris muchana lilipita digri 35 siku baada ya siku, na kulikuwa usiku ambao halikushuka chini ya digri 25. Watu karibu 15.000 walikufa katika Ufaransa yote. Wengi wao walikuwa wazee wa miaka 75 na zaidi, na wengi walikuwa peke yao mu nyumba. Ule ni mwezi wa konje: watoto walikuwa wamekwenda ku bahari, jirani hawako, hata waganga wengi hawako. Mu Paris na pembeni yake maiti 57 zilikosa jamaa wa kuzichukua. Tarehe 3 ya mwezi wa 9 zilizikwa katika makaburi ya Thiais, na Rais Jacques Chirac mwenyewe alikuwapo. Watu 57, katika muji wenye lopitalo kubwa kubwa, bila mutu wa kuwalilia.

Kisha pale serikali yao ilipanga mambo vizuri zaidi, lakini joto lenyewe halikurudi nyuma. Tarehe 25 mwezi wa 7, 2019, Paris ilipata digri 42,6. Haijapata kuonekana vile tangu walipoanza kupima.

Sasa, juu ya nini sisi watu wa Katanga tunafikiri kwamba jua haliwezi kutufanya kitu? Tunasahau mahali tunakaa. Lubumbashi iko zaidi ya metre 1.200 juu ya bahari, na Kolwezi inapita pale. Joto letu kali ni la mwezi wa kumi, mbele ya mvua, na hata lile linafika karibu digri 33 tu. Mwezi wa sita na wa saba, wakati Paris inaungua, sisi huku tunalala na blanketi mbili. Tena jua letu linashuka saa kumi na mbili, na usiku nyumba inapoa. Paris mwishoni mwa mwezi wa sita jua linatoka mbele ya saa kumi na mbili asubuhi, na linashuka karibu saa ine ya usiku. Hesabu mwenyewe: saa kumi na sita za jua, juu ya mawe, goudron na manjanja. Muji ule hauna wakati wa kupoa. Usiku katikati ya muji joto linaweza kupita la vijijini kwa digri nane ao hata kumi.

Nimesema manjanja, na si mchezo. Nyumba nyingi za Paris zimefunikwa na zinki, na chini ya zinki ile kuna vyumba vidogo vidogo ambamo zamani watumishi wa matajiri walilala. Leo njo vyumba vya wanafunzi na vya wageni wenye feza kidogo. Aliyekaa katika nyumba ya manjanja bila plafo, saa saba ya muchana, mwezi wa kumi, anajua ninasema nini. Kule dirisha ni moja tu, na klimatizere ni ya watu wachache.

Wazee waliofanya kazi chini ya udongo ao pembeni ya tanuru za kuyeyusha shaba watakumbuka jambo moja: mutu mupya hakupaswa kufanya kazi sawa na wa zamani siku ya kwanza. Mwili unajifunza joto pole pole, siku saba mpaka kumi na ine. Unajifunza kutoa jasho mapema, na kutopoteza chumvi nyingi. Lakini mwili uliokaa katika baridi unasahau lile somo. Kwa hiyo kuzaliwa Afrika hakukingi mutu. Kinachokinga ni namna ulivyoishi wiki mbili zilizopita. Mugeni anayeshuka ndege katikati ya joto apumuzike siku za kwanza, asianze kupanda na kushuka magazini kutafuta zawadi za jamaa yote.

Tuingie mu nyumba. Sisi tukisikia joto tunafungua madirisha yote. Kule muchana ni kinyume. Hewa ya inje ikiwa na joto kupita ya ndani, ukifungua unaalika moto. Funga dirisha, funga mabao yake ya inje kama yako, shusha rido, kuanzia asubuhi. Usiku wakati hewa ya inje imepoa, fungua kila kitu, na ikiwezekana fungua pande mbili ili upepo upite. Vantilateri ni nzuri, lakini joto la chumba likifika digri 40 inakupigia tu hewa ya moto, na inaweza kukukausha zaidi. Afazali kulowanisha ngozi: kitambaa chenye maji ku shingo, mikono na miguu katika beseni, kuoga maji yasiyo ya baridi sana. Mama wa Kiafrika aliye na kitenge chepesi cha pamba yuko tayari kuliko Wazungu wengi. Baba zetu njo shida, wale wasiojua kwenda kuabudu bila vesti na kravati. Mungu anakuona hata na shemizi.

Neno moja juu ya jiko. Mutu akikaa mbali na kwao anatamani chakula cha kwao, na ku soko ya Château Rouge sombe inapatikana, unga wa bukari unapatikana. Lakini sombe ya kuchemuka saa mbili katika chumba cha metre kumi na mbili chini ya zinki, hiyo ni kujipika mwenyewe. Pika asubuhi mapema, ao kula matunda, nyanya, matango, na bukari ingojee jioni.

Maji ya robine ya Paris ni ya kunywa. Ninarudilia hili, sababu wengi wetu tumezoea kuchemusha ao kununua, na mugeni anaogopa kuomba feza ya chupa kila siku, halafu anakunywa kidogo. Usiogope. Katika njia kuna chemchemi za chuma za rangi ya majani zinazoitwa Wallace, kwa jina la Muingereza tajiri Richard Wallace aliyezitolea muji tangu 1872. Maji yake ni bure. Hata kuna nyingine zinazotoa maji yenye gazi, bure vilevile. Watoto wanazipenda sana. Kunywa mbele ya kiu, sababu mutu akizeeka kiu inachelewa kumuambia ukweli. Litri moja na nusu kwa siku ni mwanzo wa kutosha kwa muzee asiyetembea. Tazama mukojo: ukiwa mweusi kama chai, kunywa. Musione haya, tunazungumza mambo ya mwili. Pombe haihesabiwe kama maji, hata ikiwa ya baridi sana. Mwenye ugonjwa wa moyo ao wa figo aulize munganga kiasi chake.

Na mwenye kukunywa dawa za tansio ao za kukojoza, aulize munganga mbele ya safari. Dawa zingine zinakausha mwili ao zinazuia jasho. Musiache dawa kwa akili yenu wenyewe, lakini muulize. Mwenye sukari anayejipiga insulini asiiache pembeni ya dirisha. Joto linaiharibu, na ku macho inaweza kubaki sawa.

Sasa sikilizeni hili vizuri, sababu katika karatasi zinazotolewa kule haliandikwi sana. Mutu anayetoka kwetu akishikwa na homa, kichwa kuuma, kutapika, mwili kulegea, wote mu nyumba watasema: "Ni joto." Inaweza kuwa malaria. Malaria uliyobeba katika damu tangu Kolwezi inaweza kutoka wiki mbili, wiki ine, hata miezi mitatu baada ya kufika. Munganga wa kule hakutani nayo kila siku. Neno la kwanza katika kinywa chako liwe: "Ninatoka Kongo, nilifika tarehe fulani, munipime malaria leo." Usingoje kesho.

Vijana, ninyi mnajisikia na nguvu, na kweli wanaokufa wengi ni wazee. Lakini kijana anayetafuta kazi ya konje ku santie ao katika mashamba yuko katika hatari yake. Tangu tarehe 1 mwezi wa 7, 2025, sheria ya Ufaransa inalazimisha mwenye kazi kulinda watu wake wakati wa joto, na mahali ambapo hakuna maji ya robine, kuwapa litri tatu kila mutu kwa siku. Kijana asiye na karatasi kamili anaogopa kudai. Ninaelewa hofu ile. Lakini aende na chupa zake mwenyewe, afunike kichwa, na kichwa kikianza kuzunguka, ashuke ku eshafo. Siku moja ya mushahara hailipi maisha. Na musiruke katika mto Seine ao katika kanali sababu ya joto. Tangu mwezi wa 7, 2025 kuna mahali patatu penye walinzi panapofunguliwa kwa kuogelea wakati wa jua. Pengine maji ya baridi yanashika moyo gafula, na mashua zinapita.

Kuna shida nyingine, na kwangu njo kubwa kupita zote: haya ya mugeni. Mama anakaa kwa mutoto wake, au kwa mukwe wake. Watoto wanatoka asubuhi kwenda kazini, wanarudi saa moja ya usiku. Mama hataki kusumbua. Hawashi vantilateri, anafikiri kirante itakuwa bei. Hafungui frigo bila ruhusa. Hashuki, asansere inamuogopesha. Jioni wakimuuliza, "Mama, uko salama?" anajibu, "Niko muzuri." Namna hii mutu anaweza kumalizika kimya mu nyumba ya watoto wanaomupenda. Basi ninyi watoto, musiulize tu kama yuko muzuri. Muulize amekunywa chupa ngapi, amekula nini, amelala ngapi. Mumuonyeshe siku ya kwanza namna ya kufungua kila kitu. Katika vipindi vile mumupeleke saa mbili ao tatu kila siku mahali penye baridi: biblioteki, muzeo, magazini kubwa, ao moja ya makanisa ya zamani yenye kuta nene za mawe. Ni ya Wakatoliki mengi, lakini baridi yake haina dini. Bustani zingine za muji zinabaki wazi usiku. Na ku meri kuna daftari ambamo wazee na wagonjwa wanaandikishwa. Wakati wa hatari watu wa muji wanawapigia simu.

Redio na televizio zinatangaza hatari kwa rangi: manjano, orange, nyekundu. Siku ya nyekundu hakuna matembezi ya muchana, hata kama ni siku ya mwisho ya kununua zawadi. Na mutoto haachwi katika motokari iliyofungwa, hata dakika tano.

Kama mutu anaanza kusema maneno yasiyofungamana, anayumba, ngozi inaungua, mwili unapita digri 40, hapo si wakati wa kumuacha alale kidogo. Pigeni 15 katika Ufaransa, ao 112, namba inayoitika katika inchi zote za Umoja wa Ulaya, Ubelgiji pamoja. Mukimungojea munganga, mumutoe ku joto, mumuvue nguo, mumulowanishe na maji mwili wote na kumupepea. Kama hana akili sawasawa, musimumiminie maji mu kinywa.

Ninyi munaobaki huku, mko na kazi pia. Wakati wa jua la Ulaya saa ya Paris na saa ya Lubumbashi ni moja, hakuna hesabu ya kufanya. Mupigie mama yenu saa nane ya muchana, wakati joto ni kali na watoto wako kazini. Hata dakika mbili za WhatsApp zinatosha kusikia kama sauti yake imebadilika. Ikiwa maneno yake hayafungamani, pigieni mutoto wake ku kazi pale pale.

Mwezi ujao tutajibu barua ya baba wa Likasi anayeuliza juu ya mahari ya mutoto wake.