Deni la Wasomi

Yako maneno yanayotajwa mara nyingi katika mabaraza yetu, nayo husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda hoja: kwamba kazi ya msomi ni vitabu vyake, na kazi ya utawala ni ya watawala, basi kila mmoja na ashike njia yake. Niliyasikia nikiwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nayasikia hata leo, na kila niyasikiapo naona kuwa ni maneno mabaya yaliyovikwa nguo nzuri. Nataka kuwavulia nguo hiyo, enyi vijana msomao kitabu hiki, maana baadhi yenu mtaingia vyuo vikuu, na wengi zaidi mtavilipia bila ya kuviingia.

Neno la malipo ndilo la kwanza. Twaambiwa kwamba mwalimu wa chuo kikuu hula mkate wa serikali, kwa hiyo si adabu kuinua sauti mbele yake. Lakini serikali haina shamba liotalo mkate. Mchuma majani ya chai wa Kericho anunuapo sabuni hulipa kodi. Mvuvi wa Lamu anunuapo mafuta ya mashua hulipa kodi. Na mshahara wa profesa hutoka katika fedha hizo. Ikiwa msomi ana bwana, basi mabwana zake ni hao. Akiona nyumba ya wote ina ufa, naye akanyamaza ili asimuudhi msimamizi, amewadhulumu waliomsomesha.

Mtazameni Wangari Maathai. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1971, akafundisha elimu ya viungo vya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Angaliweza kukaa na darubini yake mpaka uzeeni, wala hapana ambaye angalimlaumu. Lakini mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa mashambani, ambao hawakuwa na cheti cha misitu, bali walijua mbegu na udongo. Mwaka 1989, ulipotolewa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, jumba la chama kilichotawala peke yake, aliandika barua za kuupinga kwa wakubwa wa hapa na wa ng'ambo. Alitukanwa hata Bungeni. Jumba halikujengwa, na bustani ingaliko. Sijui ni mbunge gani wa siku zile aliyewafanyia watu wa Nairobi wema mkubwa kuliko huo.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi, nao wanifikirisha sana. Mwaka huo huo wa 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mkuu wa idara ya fasihi katika chuo kikuu hicho hicho, alitoa riwaya ya Kiingereza iitwayo Petals of Blood. Riwaya hiyo yawashutumu matajiri wapya wa nchi kwa ukali usio na kificho. Je, alikamatwa? La. Waziri wa serikali ndiye aliyeizindua. Kisha yeye na Ngũgĩ wa Mirii wakaandika mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, nao ukachezwa Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, na wakulima na wafanyakazi wenyewe, katika uwanja walioujenga kwa mikono yao. Mchezo ulipigwa marufuku. Siku ya mwisho ya mwaka mwandishi alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushitakiwa mpaka Desemba 1978, na alipotoka hakurudishiwa kazi yake. Ukali ulikuwa ule ule. Waliobadilika ni wasikilizaji. Elimu iliyosemwa kwa lugha ya wachache iliachwa ipite kama upepo, na ile iliyosemwa kwa lugha ya wachuma chai iliogopwa kama moto. Wenye nguvu walijua jambo ambalo wasomi wetu wengi hawajalijua bado.

Mtu atauliza: hao maprofesa walichaguliwa na nani? Swali hili ni la haki, na jibu lake ni fupi: hawakuchaguliwa na mtu. Ndiyo sababu hawana ruhusa ya kuamuru. Wana ruhusa ya kueleza, kuonya na kuonyesha ushahidi, kisha wananchi waamue. Na wananchi wakiona ushahidi ni dhaifu, waukatae bila ya kuogopa joho. Nasema hivi kwa kuwa wako wasomi wa namna nyingine, wanaolitundika jina la Profesa shingoni kama hirizi, na kila majira ya uchaguzi huonekana wakimsafishia njia yeyote aliyewaahidi cheo. Hao si ubora wa kimya. Heri hata kimya.

Zamani udhuru wa hofu ulikuwa na uzito, maana watu walifungwa kwa ajili ya muhadhara. Leo kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kimeutaja uhuru wa taaluma kwa jina lake. Hofu imepungua, ijapokuwa haikwisha. Udhuru wa lugha ndio usiokuwapo kabisa, kwa kuwa Katiba hiyo hiyo imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pia.

Nilipoanza kufundisha, nilipelekwa katika kijiji kimoja kando ya mto Tana. Miaka michache kabla yangu walikuja watu wa chuo kikuu kimoja, wakauliza nyumba kwa nyumba habari za maji na maradhi ya watoto, wakaandika, wakaaga. Bibi mmoja, mama wa jirani yangu, aliniuliza, "Mwalimu, wewe wasoma. Yale majibu yetu yalikwenda wapi?" Nikaona haya, kana kwamba ni mimi niliyeyachukua. Niliandika barua mara tatu nisijibiwe. Mwisho rafiki yangu aliipata taarifa hiyo katika maktaba, kitabu kinene cha Kiingereza, akaninakilia.

Niliwasomea wazee kwa Kiswahili chini ya mwembe, jioni mbili. Walisikiliza kwa utulivu kuliko darasa langu lolote. Jioni ya pili nilifika mahali palipoandikwa kwamba kijiji kina visima vitatu vyenye maji. Mzee mmoja akaomba nirudie, nikarudia. Akasema, "Cha tatu kilikauka kabla hawajaja. Tuliwaonyesha." Yule bibi akaitikia kwamba ni kweli, maana yeye ndiye aliyewapeleka. Nikaandika sahihisho hilo kwa kalamu pembeni mwa ukurasa, na wazee wakaniambia niendelee kusoma.