Breve bila uchunguzi: nani mwenye kasha la fibre optike?

Kwenye barabara ya taifa namba 4, toka Oicha kupita Eringeti mpaka Komanda, simu si chombo cha kusalimiana tu. Kwa simu habari ya hatari inafika mbele watu hawajaenda mashambani. Kwa simu muuza kakao anapokea pesa zake. Watu wa Eringeti, walioshambuliwa mwishoni mwa Novemba 2015, hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Rezo ikikatika, wasiwasi unaingia.

Mazungumzo mengi juu ya rezo yanaishia kwenye antene, kwa kuwa antene ndiyo inaonekana. Lakini nyuma yake kuna njia ndefu ya nyuzi za kioo, ndiyo fibre optike. Upande wa mashariki njia hiyo inaanzia Mombasa, ambako kable za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010. Upande wa magharibi iko kable ya WACS, iliyoingia Moanda na kufunguliwa mwaka 2013. Kila mahali kable moja inapoungwa na ingine, kuna kasha, sahani, ndoano na vishikizo vya kupanga nyuzi.

Vitu hivyo vidogo vina wenyewe, ao tuseme vina watu wanaodai kuwa wenyewe. Karatasi inayothibitisha dai hilo inaitwa breve ya uvumbuzi. Ndugu wa Kenya na Tanzania wanaiita hataza. Kwa fundi wa Oicha ao mfanyabiashara wa Butembo, swali la maana ni hili: mbele ya kutoa karatasi hiyo, kuna mtu aliyechunguza kama kitu hicho ni kipya kweli? Katika Kongo, jibu ni hapana.

Kwa nini kasha linapiganiwa

Uzi mmoja wa fibre uko na upana wa mikroni 125, karibu sawa na unywele. Mwangaza unaobeba sauti na picha unapita katikati yake, mahali penye upana wa mikroni 9 hivi. Ukikunja uzi kupita kiasi, mwangaza unatoka nje na rezo inapungua nguvu, hata kama uzi haujavunjika. Kuna kipimo kinachojulikana. Fibre ya kawaida, yenye alama G.652, hupimwa kwa duara la milimita 30 toka katikati mpaka ukingoni. Aina ya G.657.A2 inavumilia duara la milimita 7,5.

Kwa hiyo kasha la kuungia kable si bwate tu ya kuficha waya. Sahani iliyo ndani inalazimisha kila uzi upite kwenye mkunjo salama. Mpira wa pembeni unazuia maji na vumbi. Kishikizo kinazuia kable isivutwe. Fundi anapaswa kufungua kasha, kurekebisha uzi mmoja na kufunga, bila kugusa nyuzi zingine zenye kubeba simu za watu. Atakayepata namna nzuri zaidi ya kufanya hivyo anaweza kuuza kasha lake katika inchi nyingi. Ndiyo maana makampuni makubwa, kama vile Corning ya Marekani, yanaomba breve hata kwa vifaa vya kupangia nyuzi, si kwa kioo peke yake.

Kazi ya mchunguzi

Katika inchi zenye uchunguzi wa ndani, ombi linafika mezani kwa mtu aliyesoma fani hiyo. Anajiuliza mambo matatu. Kitu hiki ni kipya? Kuna hatua ya uvumbuzi, ao ni jambo ambalo fundi yeyote mzuri angelifikiria? Kinaweza kutengenezwa na kutumika?

Kwa vifaa vya fibre, mchunguzi anafungua fungu la kimataifa lenye alama G02B 6/44, ambamo hati za kable za nuru na vifaa vyake zinapangwa. Humo anatafuta sahani, makasha na mabobini ya miaka yote. Mtu akiandika tu kwamba sahani yake inalinda uzi usikunjwe kupita kiasi, ombi litakataliwa, kwa kuwa jambo hilo linajulikana zamani. Akisema kwamba kifuniko chake kinafunguka kwa mkono mmoja kwa sababu ya bawaba ya namna fulani, mchunguzi atatafuta bawaba hiyo. Akiikuta katika hati ya mtu mwingine, mwombaji atalazimika kupunguza dai lake ao kuliacha.

Kazi hiyo inaweza kuchukua miaka, na inaleta gharama. Lakini inafanya jambo moja la maana kwa watu ambao hawajaomba kitu: inazuia mtu mmoja asijifungie peke yake kitu ambacho tayari ni cha wote.

Kinshasa: tarehe bila uchunguzi

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mambo haya yanaongozwa na sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 juu ya mali ya viwanda. Maombi yanapelekwa Kinshasa, kwenye wizara ya Viwanda. Ofisi inaangalia kama karatasi zimekamilika, kama maelezo na michoro iko, kama malipo yamefanyika. Haichunguzi kama kitu ni kipya. Breve inaweza kudumu miaka 20, mradi mwenyewe analipa kodi ya kila mwaka.

Hiyo si ajabu ya Kongo peke yake. Inchi nyingi zilifanya hivyo kwa muda mrefu. Kuajiri wachunguzi wa nuru, wa dawa, wa mashine na wa kemia ni mzigo kwa serikali. Lakini lazima watu wafahamu maana ya karatasi inayotoka hapo. Inaonyesha kwamba mtu fulani alileta dai fulani siku fulani. Haionyeshi kwamba serikali ilihakikisha dai lake.

Hapa ndipo hatari ya kwanza iko. Chukua mfano. Mfanyabiashara analeta toka China vishikizo vya chuma vya kuzungushia kable ya ziada kwenye nguzo. Vishikizo vya namna hiyo vinatumika duniani miaka mingi. Anakwenda Kinshasa, anaweka michoro, anapata breve. Kisha anarudi na kuwaambia vijana wanaochomelea vyuma Beni na Oicha kwamba hakuna ruhusa ya kutengeneza kishikizo kama hicho bila kumlipa. Vijana wanaona muhuri wa serikali, wanaogopa, wanaacha kazi.

Kisheria, breve hiyo inaweza kupingwa. Lakini ni lazima kijana atafute avoka, apeleke mambo tribinali, na alete ushahidi kwamba kitu kilikuwa kinajulikana. Kazi ambayo ingefanywa na mchunguzi wa serikali inaangukia mtu asiye na uwezo.

Hata pale uchunguzi ulipo, ugomvi haukosekani. Nairobi, kampuni ya Sanitam Services iliishtaki Rentokil juu ya pipa la taka linalofunguliwa kwa mguu, ambalo lilikuwa na breve ya ARIPO, shirika la inchi nyingi zinazotumia Kiingereza lenye makao Harare. Je, pipa hilo lilikuwa uvumbuzi, ao ni kitu cha siku zote? Kesi ilipanda mpaka Korti ya Rufaa, iliyotoa hukumu mwaka 2006. Ikiwa pipa lililochunguzwa lilifikisha watu huko, ni wazi kwamba kishikizo ambacho hakikuchunguzwa kinaweza kuleta shida kubwa zaidi.

Breve ya mbali haivuki mpaka peke yake

Kuna upande wa pili ambao mafundi wengi hawaujui, na huo ni wa faida. Breve inafanya kazi ndani ya inchi iliyoitoa tu. Kasha lenye breve ya Marekani ao ya China, kama mwenyewe hakuomba kitu Kinshasa, halina ulinzi wa breve katika Kongo. Fundi wa Butembo anaweza kulitazama, kulipima na kutengeneza lake.

Lakini asiende mbio. Kongo iko ndani ya mkataba wa Paris tangu mwaka 1975, na mkataba huo unampa mvumbuzi miezi 12, toka ombi lake la kwanza, ili aombe katika inchi zingine bila kupoteza nafasi yake. Tena sheria ya 1982 inakubali breve ya kuingiza, ambayo mwenye breve ya inchi ya nje anaweza kuiomba Kinshasa. Inakwisha pamoja na ile ya nje. Kwa hiyo swali la kwanza ni kujua kama kuna ombi Kinshasa. Na fundi akitaka kuvusha makasha yake Kasindi na kuyauza Uganda, breve zenye nguvu Uganda ndizo zitamhusu, pamoja na zile za ARIPO zilizoitaja Uganda.

Jambo lingine ni jina. Kutengeneza kasha ambalo halina breve hapa ni halali. Kulibandikia jina na alama ya kampuni ingine ni udanganyifu, na sheria ileile ya 1982 inalinda alama za biashara.

Isitoshe, hati za breve ni shule ya bure. Mwombaji analazimika kueleza kitu chake mpaka fundi mwingine aweze kukitengeneza. Shirika la dunia la mali ya akili lililo Geneva linaweka mamilioni ya hati hizo kwenye PATENTSCOPE, bila malipo, pamoja na michoro. Kijana mwenye simu na kifurushi cha intaneti anaweza kuona namna makasha ya fibre yalivyobadilika mwaka kwa mwaka, na zile ambazo muda wake wa miaka 20 umekwisha ni za kila mtu.

Hatari ya pili inamgusa mvumbuzi mwenyewe. Fundi akibuni kufuli mpya ya kasha ili wezi wasilifungue (maana wengine wanakata kable wakidhani ndani mna shaba, kumbe ni kioo), mara nyingi anaanza kwa kuionyesha. Anapiga picha, anaituma kwenye makundi ya WhatsApp, anauza tano sokoni. Kisha ndipo anafikiri juu ya breve. Kinshasa hakuna mchunguzi wa kumrudisha. Lakini siku ya kesi, mpinzani ataleta zile picha na kusema kitu kilikuwa tayari mikononi mwa watu. Na akiomba ARIPO, mchunguzi anaweza kumkatalia kwa sababu ileile. Heri kuandika ombi kwanza, kisha kuonyesha.

Karatasi tatu, maswali matatu

Kwenye duane na kwenye maduka watu wanachanganya karatasi. OCC inaangalia ubora na usalama wa bidhaa inayoingia. ARPTC, chombo cha serikali kinachosimamia mawasiliano, inaangalia kama vifaa vinakubaliwa kwenye rezo. Breve haisemi kama kasha ni zuri ao linazuia maji. Inasema nani anaweza kuwazuia wengine wasilitengeneze. Mwuzaji anayeonyesha breve ili kusifu ubora wa kasha lake anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Yaoundé, Harare, ao nyumbani?

Kongo iko katikati ya mashirika mawili na haimo ndani ya hata moja. Magharibi na kaskazini, OAPI ya Yaoundé inaunganisha inchi 17, Kongo-Brazzaville, Kameruni na Afrika ya Kati zikiwemo. Kwa muda mrefu nayo ilitoa breve bila uchunguzi wa ndani, lakini mapatano yaliyorekebishwa Bamako mwaka 2015 yamefungua njia ya uchunguzi. Mashariki, ARIPO inachunguza, na Uganda, Rwanda, Kenya na Tanzania ziko wanamemba.

Kuingia katika shirika kama hilo kungeleta wachunguzi ambao Kongo haina. Lakini kuna bei. Ndani ya OAPI, breve moja ya Yaoundé inafanya kazi katika inchi zote za shirika mara moja. Makasha mengi ambayo leo yanaweza kutengenezwa Butembo bila kumwuliza mtu, kesho yatakuwa na mwenyewe. ARIPO inampa mwombaji nafasi ya kuchagua inchi, na kila inchi iko na miezi 6 ya kukataa. Hapo serikali inabaki na sauti kidogo.

Kuna njia ya tatu, ndogo na rahisi: kubaki na ofisi ya Kinshasa, lakini kuweka kwenye intaneti orodha ya maombi yote ya breve, na kuacha muda wa watu kupinga mbele ya muhuri kupigwa. Haihitaji wataalamu mia moja. Inahitaji orodha iliyo wazi, ili fundi wa Oicha, aliye zaidi ya kilomita 1500 toka Kinshasa, aone kile kinachoombwa na aseme kwamba kitu hicho kilikuwako tayari.

Mpaka hapo, mtu akija na breve mkononi, si lazima kumwogopa wala kumdharau. Mwombe namba, tarehe ya ombi na ile sehemu inayoandika dai lenyewe. Linganisha dai hilo na kitu unachotengeneza, kisha tafuta hati za zamani zaidi. Kama dai lake linafanana na kitu kilichoandikwa mbele yake, muhuri huo unaweza kuanguka tribinali.