Acheni Kufufua Maiti wa Wenzenu

Ndugu wasomaji, leo sina maneno matamu. Nimetoka kubishana na watu hadi koo limenikauka, na hasira bado ninayo. Nimeona bora niimwage hapa hapa kwenye kurasa zetu, maana wanaohusika ni sisi tunaojiita waandishi.

Ilikuwa Jumapili jioni, kwenye kibanda cha video kule Pasua, hapa hapa Moshi mjini. Mpira ulikuwa umekwisha, nje mvua inapiga bati, hakuna aliyetaka kutoka. Mwenye kibanda hakutaka kupoteza wateja, akaweka picha ya zamani ya kutisha: Pet Sematary, pati tuu, ya mwaka 1992. Stelingi ni yule dogo wa Terminator, Edward Furlong. Dogo kafiwa na mama yake, kahamia mji wa Ludlow, na huko kuna makaburi ya kale mlimani. Ukimzika kiumbe pale, anarudi. Lakini anarudi akiwa ananuka, na moyo wake si ule wa zamani.

Picha ilipokwisha, mahakama ikakaa.

Chalii mmoja wa bodaboda akasema, "Aisee, pati tuu kali kuliko pati wani. Kule waliofufuka ni wachache. Humu anafufuka mbwa, anafufuka dingi wa kambo, anafufuka yule mkorofi wa shule, anafufuka mama!"

Dada mmoja anayeuza mitumba pale Memorial akamkatiza. "Uongo mtupu. Hivi mtu akimrudisha mama yake mzazi kutoka kaburini, ndiyo anakuwa vile? Hata machozi sikuyaona."

Akaja wa tatu, kijana msomi, ambaye naye anaandika hadithi. Akasema, "Wazungu wanajua kutisha bwana. Sisi maiti wetu wamelala tu migombani, hawana stori." Kibanda kizima kikaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Na huyo wa tatu ndiye ninayemjibu leo, ila nitaanza na chalii wa bodaboda, kwa sababu kosa la msomi limezaliwa na kosa la chalii.

Chalii anapima picha kwa idadi ya maiti, kama mtu anayepima ndizi kwa mkungu. Hebu turudi kwenye pati wani. Kitabu chake alikiandika Stephen King, kikatoka mwaka 1983. Mwandishi huyo alikuwa amepanga nyumba kando ya barabara kubwa kule Orrington, Maine, ambako malori yalipita kwa kasi. Paka wa binti yake akagongwa akafa. Mtoto wake wa kiume, mdogo kabisa, naye siku moja akakimbilia barabara hiyo hiyo, nusura yatokee makubwa. Kitabu kizima kimetoka hapo, kwenye swali la mzazi: je, ningechelewa? Alipomaliza kukiandika kilimtisha mwenyewe, akakitia kwenye droo.

Picha ikatoka mwaka 1989, hadithi ya skrini kaiandika King mwenyewe. Daktari mmoja anagongewa mtoto na lori. Anajua kabisa kwamba kinachorudi kutoka makaburi yale si mwanawe, maana paka alisharudi na ameshaona. Anajua, na bado anachukua sepetu. Jamani, kama umewahi kusimama Kiboriloni siku ya soko, ukaona malori yanavyoteremka kutoka Himo na mama amemshika mtoto kwa kidole kimoja tu, huhitaji mtu akueleze hofu hiyo. Kisu ni kitu kidogo pale. Kinachotisha ni kwamba wewe na mimi tungechukua sepetu hiyo hiyo.

Sasa pati tuu. Mwongozaji ni yule yule, Mary Lambert, lakini King hakuiandika. Inaanza vizuri: mtoto anashuhudia mama yake akiuawa na umeme. Nikakaa sawa kwenye benchi. Baada ya hapo kilio kinaachwa mlangoni. Yule baba wa kambo, vijana wanakwenda kumzika mlimani ili kuficha yaliyotokea. Hakuna anayemlilia. Na ukimfufua mtu ambaye hakuna anayemlilia, utabakiwa na bucha. Dada wa mitumba alikuwa sahihi, na alisema kwa sentensi tatu yale ambayo mimi nimeyasema kwa aya nzima.

Ugonjwa huu ndio tulioununua sisi waandishi chipukizi, tena kwa jumla. Chukua madaftari ya wenzetu kumi wanaoandika hadithi za kutisha uone. Geti la chuma linalialia. Kunguru juu ya msalaba wa jiwe. Ukungu. Maiti ananyoosha mkono kutoka ardhini, anatafuta mtu wa kumuuma. Sisemi kwa kuwasengenya. Nami ninayo riwaya ya namna hiyo, sura saba, stelingi anaitwa Jackson. Nilimpa rafiki yangu aisome. Akarudi nayo, akaniuliza swali moja tu: "Makaburi haya yenye geti yako wapi? Wewe si umezaliwa Uru?"

Nilinyamaza kama niliyemwagiwa maji ya mlimani. Kwetu Uru hakuna geti. Bibi yangu amelala hatua kama thelathini kutoka mlango wa jiko, ndani ya kihamba, katikati ya migomba na kahawa, masale yamepandwa pembeni. Nilipokuwa mdogo nilitumwa kukata majani ya ng'ombe kupitia pale pale, na mama alinifundisha nisipite kama mbuzi, nimsalimie. "Shikamoo bibi." Mpaka leo napita nasalimia. Basi niambieni, mtoto aliyelelewa hivyo anaandika vipi kwamba wafu wote ni adui wenye meno?

Lugha yenyewe inatusuta. Tunamwita marehemu, yaani aliyerehemewa. Kila Desemba magari yanapanda Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, watu wametoka Dar es Salaam na kwingine, na shughuli mojawapo ni kusafisha makaburi. Mtu akifia mbali, ukoo unachangishana aletwe alazwe kihambani kwake. Kwa hiyo hofu ya huku ipo, tena kubwa, ila inaelekea upande mwingine. Mchagga haogopi sana kwamba marehemu atarudi. Anaogopa kwamba marehemu hatarudi nyumbani, atabaki ugenini. Anaogopa kihamba kuuzwa na kaburi la babu kubaki kwenye shamba la mtu baki.

Hata msukule wetu, yule anayesimuliwa nchi nzima, mtazameni vizuri. Watu wanasema amechukuliwa kimazingara, anatumikishwa usiku mashambani, hapewi mshahara, hana ulimi wa kusema. Hamuumi mtu. Yeye ndiye aliyeonewa! Zombi wa Haiti naye alianza hivyo hivyo, mtumwa ambaye hata kifo hakikumpa mapumziko, mpaka Marekani wakamgeuza mla watu, hasa baada ya picha ya George Romero ya mwaka 1968. Sisi tunaiga mla watu, na yule mtumwa tunamwacha barazani.

Na kwa yule msomi aliyesema maiti wetu hawana stori, namkumbusha moja tu, ya hapa juu Old Moshi, mwendo mfupi kutoka kibanda kile. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na wenzake. Wazee wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alitumia miaka mingi kukidai. Kule Berlin kulikuwa na mafuvu zaidi ya 1,000 yaliyotoka Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Mwaka 2023 taasisi inayoyatunza ikatangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimepata ndugu walio hai, huku kwetu Tanzania, wa mafuvu 3. Moja linahusishwa na Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana.

Haya, msomi, hiyo si stori? Mtu ananyongwa, kichwa kinavuka bahari, miaka 123 inapita, na mate ya mjukuu yanamtambua babu ndani ya ghala. Mtu huyo harudi kuuma. Anataka kurudi alazwe penye masale. Hofu yote imo humo: ni nani aliyemweka pale, ni nani alimtazama miaka yote hiyo akaona kifaa tu, na sisi tulikuwa wapi. Hiyo ndiyo pati tuu ninayoitaka, nami sijaiona kwenye kibanda chochote.

Najua jibu lenu. Mtasema watu wanaingia kibandani wapumzike, wapige kelele kidogo, wakalale. Hawaendi kusomeshwa historia. Sawa. Mimi mwenyewe nilipiga kelele mbwa aliporuka. Wala sisemi kila hadithi ya kutisha iwe na Mangi ndani yake. Sisemi pia tusitazame za nje. Pati wani ni ya nje na imenifundisha kazi. Mussa Banzi alipotengeneza Nsyuka, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alichota jina lake kwenye Kinyakyusa, lugha ambayo wafu wana neno lao la kufufuka. Unaweza kuipenda au kuichukia picha ile, lakini neno lilitoka nyumbani.

Ninachodai ni kitu kimoja. Kabla hujamtoa mtu kaburini kwenye daftari lako, tuambie ni nani anamlilia. Mama yake? Mkewe aliyebaki na deni? Mdogo wake aliyeuza kihamba? Kama huna jibu, mwache apumzike, wewe kaandike hadithi ya mapenzi.

Mimi Jackson nimemchoma moto, sura zote saba, pamoja na geti lake na kunguru wake. Nimeanza upya. Sura ya kwanza kuna mwanamke anakata majani ya ng'ombe, anapita penye kaburi, anasalimia, na kwa mara ya kwanza haitikiwi. Sijui bado itakwendaje.

Naweka kalamu chini. Anayebisha aandike, uwanja ni wetu sote.